Chumba ya Secrétaire Ndani ya Chumba ya Président

Mutuelle yetu, chama ya kusaidiana ya bantu ba Katanga, hapa Bruxelles, iko na bamembres dix-sept, kumi na saba. Pa katikati ya bale dix-sept, onze beko na titre. Kuko président, kuko vice, kuko vice ya vice, kuko secrétaire, kuko baconseillers wenye habajatoa conseil hata siku moya. Bale sita wenye kubakia njo bantu tunaongoza, na bo habakuye kila mara. Siku moya tulikuwa onze pa meza kwa kuongoza muntu moya. Alikuwa anasinzia.

Mie ni conseiller technique. Ile titre niliipata pa fête fulani, wakati projecteur ilikataa kuwaka. Bantu bote balikuwa banaizunguka, banaiangalia kama maiti. Nikaingiza fil, kamba ya umeme, mu prise. Bakapiga makofi, na siku ile ile bakanichagua. Hakuna mwenye aliniuliza masomo. Heri vile. Ku Lubumbashi nilisoma électronique, nikaachia mu quatrième, siku professeur alituambia tufungue radio na kuirudishia, na yangu ikajifunga muzuri kabisa na vis saba za kuifungia zikabakia pa meza. Sasa nafanya nettoyage mu babureaux ya Quartier européen. Kila siku nagusa baordinateurs mingi kuliko ingénieur yote ya hii muji. Nazipanguza mavumbi, lakini nazigusa.

Njo kule nilipata ordinateur ya mutuelle. Bureau moya ilikuwa inatupa zake za zamani, chef akaniachia moya, akaniandikia na karatasi ya kuonyesha gardien pa mulango, juu gardien ni muntu wa kwetu, na muntu wa kwetu akivaa uniforme hakujue tena. Ile machine ilikuwa nzito, na ilikuwa inapuma kama muntu mwenye anapanda ngazi za métro na bagages. Nikaiweka Linux, système ya bure, juu Linux haichague: unaipa machine yenye ilizeeka, inakaa.

Sasa bintu vya kuweka mule ndani. Ukweli, kazi ya maana mu mutuelle yetu inafanywa na muntu moya tu, maman secrétaire. Ye anatumika ku hôpital kule Jette, anageuza bagonjwa, anabaosha, na siku zake za kupumzika anaenda ku nyumba za bazee betu na telephone, anabaambia: «Papa, sema. Ulizaliwa wapi, baba yako ni nani, baba ya baba yako ni nani, siku ya kilio yako tuite nani, tuimbe nini.» Bazee banasema, ye anaenregistrer, anakamata sauti. Juu bazee bakikufia hapa, batoto baliozaliwa hapa hawajue hata nani wa kupigia telephone kule Likasi.

Kulikuwa papa moya, zamani alikuwa muntu wa train kule Katanga. Alisema saa nzima na robo. Jamaa yote, mpaka kule juu, na nani alioa nani. Kiisha, majuma tatu nyuma, akaanguka, damu ikafanya mambo yake mu kichwa, sauti ikaisha, mukono moya pia. Macho yanaona, masikio yanasikia, kinywa hapana. Na telephone ya maman, bakaiiba mu tram. Lakini ye alikuwa ameisha kukopia yote mu ordinateur ya mutuelle. Donc ile sauti ya papa ilikuwa pahali pamoya tu mu dunia: mu machine yenye niliitoa ku poubelle, na mwenye kuichunga alikuwa mie. Maman alikuwa amemuambia binti ya yule papa: «Usiogope. Iko. Kuya dimanche, nitakupa.»

Bon. Sasa nieleze vile nilipanga ile machine, juu kosa inatoka pale.

Disque ya Linux yenye niliichagua iko kama lupango, kiwanja ya kujenga. Lupango yenye haina bukuta ya kati. Unaweza kuikatia vyumba, banaviita sous-volumes, na kila chumba inakula nafasi ya ile lupango moya, hakuna mwenye anapimiwa mètre yake. Utamu wake ni huu: chumba unaweza kuikamata photo. Si photo ya kuangalia, photo ya kurudia. Leo unaharibu kintu, unarudisha chumba vile ilikuwa jana. Nilijifunza hii yote ku bavideo, ya muzungu moya mwenye anasema polepole kama anafundisha mugonjwa. Kwangu ilikuwa vitesse ya muzuri.

Plan yangu nilichora pa kartoni ya bandizi. Vyumba tatu. Moya ya système yenyewe. Moya ya bintu vya mutuelle, yote pamoya. Moya ya kutunza baphoto. Basi. Hata kuku angeelewa.

Tulikuwa mu salle yetu, pa étage, karibu na Gare du Midi. Chini, soko ya dimanche ilikuwa inalalamika. Président akavaa miwani, akaangalia kartoni yangu muda murefu. Ye ni muntu wa kuvaa écharpe mpaka mu juillet. File hajafungua hata moya mu maisha yake. Anaita muntu amufungulie, kiisha anashukuru kwa discours.

«Conseiller,» akasema, «naona hapa umeandika "mutuelle". Sisi bote mu chumba moya?»

«Ndiyo, papa président.»

«Kama ku Kasapa?»

Kasapa ni prison ya kule kwetu. Bantu bakacheka. Vice akasema anaomba chumba yake. Vice ya vice akasema kama vice iko na chumba, ye pia eko na haki, juu mu statuts bameandika. Trésorier akasema yake ifungwe na mulango mbili. Conseiller moya, mwenye sijamuona na hata karatasi ya kufungia karanga, akaomba chumba na «archives». Nikamuuliza archives gani. Akasema: «Zitakuya.»

Tulibishana dimanche tatu. Mu dimanche tatu bantu banajenga nyumba ya kweli. Nikabadirisha plan, nikachora vyumba onze, moya pembeni ya ingine, muzuri, na règle. Président akaweka kidole pa katikati.

«Hapa niko mie. Na hapa, pembeni yangu, ni nani?»

«Secrétaire.»

«Bega kwa bega?»

«Papa président, ni disque. Disque haina bega.»

«Disque haina bega lakini mutuelle iko na kichwa! Muntu akifungua hii machine, anaona nini? Anaona bantu onze bamesimama mustari, kama bantu ba kungojea bus. Président eko wapi? Hajulikane!»

«Alors unataka tufanye namna gani?»

«Chumba yangu ikuwe mukubwa. Bengine bote baingie ndani yake. Kama baba na batoto.»

Maman secrétaire alikuwa anaandika procès-verbal ya mukutano. Akasema bila kuinua kichwa: «Mie nilale mu chumba ya président? Bwana yangu eko anajua?»

Salle ikavunjika na kicheko. Vice ya vice akapiga meza. Lakini kura ilipita, juu président mwenyewe njo alihesabu mikono.

Na mie? Mie nilijua. Yule muzungu wa polepole alikuwa amesema kintu pale, alisema chunga na vyumba ndani ya chumba, kuko matata ya baphoto. Nilikuwa nimesikia na sikio moya, ingine ilikuwa inangojea bukari, ule ugali wetu, ipoe. Mais président alisema: «Conseiller technique wetu ni muntu mwenye akili, ataweza.» Muntu akiniita mwenye akili ninafanya upumbafu yote yenye anataka. Ni ugonjwa. Nikajenga chumba ya président, kiisha ndani yake nikajenga zingine, kila moya na jina ya titre. Na nikaiambia machine: kila siku ukiwaka, kamata photo ya chumba ya président. Nikajisemea, akikamatwa ye, na bale ba ndani bamekamatwa. Kama vile unapiga nyumba photo, unapata na bantu ba salon.

Dimanche ya binti ya papa ikafika. Siku ile ile tulikuwa na kafête ya mutuelle, na président alikuwa na discours, hotuba ya kusoma. Mu chumba yake yote mulikuwa ile discours na baphoto yake mwenyewe, amesimama, amekaa, amesimama lisusu. Akataka kurekebisha neno moya. Peke yake. Sijui alifinya nini, alibluisha karatasi yote, yaani aliichagua yote mara moya, akaandika herufi moya, ikabakia ile herufi moya, na akaenregistrer, akaitunza vile, juu alikuwa amesikia banasema kila mara uenregistrer.

«Conseiller! Discours imekimbia!»

Sasa, muntu mwenye akili angefanya nini? Angeingia mu photo ya jana, angekamata ile file moya, angeikopia, dakika moya, kiisha angeenda kukunywa. Mie nilisimama, nikakunja mikono ya shati. Bamaman bote balikuwa banaangalia. Nikasema: «Tunarudisha chumba yote ku jana.» Yote! Muntu amepoteza kifungo, mie nabomoa nyumba.

Chumba ya président yenye ilikuwa mule nikaisukuma pembeni, nikaibatiza «président ya zamani». Pa mahali yake nikaweka ile ya photo. Nikazima, nikawasha. Ikapuma. Discours ikatokea, nzima, kurasa zote tatu, bahati mubaya kwa bantu bote. Makofi. Président akanikumbatia. Nikajiona niko docteur.

Pale pale binti ya papa akaingia. Msichana wa karibu trente ans, manteau inalowana, mu mukono karatasi na stylo. Maman secrétaire akamupa kiti, akamupa chai, akakaa mbele ya machine, akafungua chumba yake.

Vide.

Hakuna kintu. Akafunga, akafungua lisusu. Vide. Akafungua ya trésorier: vide. Ya vice: vide, lakini ile ilikuwa vide tangu zamani.

«Conseiller,» akasema, na sauti ya chini ile, ya kuogopesha kuliko makelele, «bantu bangu beko wapi?»

«Maman, ngoja kidogo.»

«Sikuulizi saa. Nakuuliza beko wapi.»

Binti akaangalia ye, akaangalia mie. «Tonton, c'est perdu? Imepotea?»

Jasho ilitoka mpaka pa magoti. Nilikuwa na mulango kumi na nyuma ya milango hakuna kintu. Na président, mwenye discours yake iko mu mukono, njo alikuwa na haraka.

«Ni confusion,» akasema. «Kuko président mbili mule ndani, sindiyo? Mupya na wa zamani. Haiwezekane! Njo maana bintu bimechanganyikiwa. Futa ule wa zamani.»

Nawaapia, nikapiga commande. Muntu ameniambia futa, nikafuta. Sikufikiri, juu kufikiri ingeniomba nikubali mbele ya bale bamaman kama sijue. Vidole vyangu vikaenda pekee yao, nikafinya.

Machine ikakataa. Ikaandika mustari moya tu.

«Imesema nini?» président akauliza.

«Imekataa.»

«Ilazimishe! Wewe njo technicien ao yeye?»

Nikaanza kutafuta namna ya kulazimisha. Kweli kabisa. Kama bangeniacha dakika tano, ningeipata, na yule papa wa train angekufa mara ya kwanza siku ile.

Maman secrétaire akaweka mukono wake juu ya clavier pa kuandikia. Mukono wa muntu mwenye anainua bantu ku vitanda, hauusukume.

«Soma,» akasema. «Soma vile imeandika.»

«Imeandika... haiwezi kufuta, juu haiko vide.»

«Haiko vide.»

«Ndiyo.»

«Kama haiko vide, mule ndani muko nini?»

Ye hajasoma Linux, hajaona video hata moya. Conseiller technique ni mie, niliyeingiza fil mu prise. Nikaomba machine inionyeshe orodha ya vyumba vyote vya disque, na ikatoa, mustari kwa mustari: président ya zamani, secrétaire; président ya zamani, trésorier; bote. Balikuwa mule. Hakuna mwenye alikuwa amepotea. Balibakia mu ile nyumba yenye niliisukuma pembeni, juu ukikamata photo ya chumba, photo haiingie mu vyumba vya ndani. Inafika pa mulango, inachora mulango, inarudia. Njo ile muzungu wa polepole alikuwa anasema wakati mie naangalia bukari.

Kiisha nikaelewa na ingine, ile ya kunyamazisha kabisa. Miezi mbili nzima machine ilikuwa inakamata photo kila siku, na mule ndani mulikuwa discours na sura ya président. Soixante fois tulitunza ile écharpe. Sauti za bazee, hata mara moya hapana. Ile sauti ya yule papa ilikuwa inachungwa na chance tu.

«Toa bantu bangu mule,» maman akasema.

Nikakamata chumba yake nzima, nikaitoa inje, nikaiweka pekee yake mu lupango. Inasogea haraka, hata haiombe kukopia. Président akainama juu ya bega yangu.

«Sasa ye eko wapi?»

«Inje ya yako. Pembeni.»

«Donc bega kwa bega. Kura ilisema...»

«Papa président,» maman akasema, «kule kwako nilikaa miezi mbili. Leo ulitaka batufute pamoya na nyumba. Naachana na weye. Andika mu procès-verbal... ah, kumbe mwenye kuandika ni mie.» Akaandika.

Hakuna mwenye alibisha. Trésorier akanisogelea polepole, akaniambia mu sikio: «Na mie unitoe, mais usipige makelele.» Nikabatoa bote. Président akabakia mu chumba yake mukubwa, pekee yake, na baphoto yake. Akafikiri, akaniomba: alors angalau jina yake niiandike na bamajuscules. Nikamuandikia. Ikamutosha. Nilikuwa natafuta kumuchekelea, kiisha nikakumbuka mwenye alifinya ile commande ya kufuta ni nani.

Maman akafungua file ya papa, akaongeza sauti. Kwanza ni kukohoa. Kiisha: «Inawaka? Una hakika inawaka? Ile taa yake haionekane.» Binti akacheka, na mukono ukaenda pa kinywa. Papa akaanza: baba yake, mahali, mama yake, bandugu ba mama, mwenye alikufa mudogo, mwenye alioa ku Kamina na hakurudia. Binti alikuwa anaandika mbio. «Maman, simamisha. Huyu ni dada ya nani?» Banarudia nyuma. «Simamisha.» Banarudia. Pa katikati papa akasema mambo ya kilio yake: bantu bakule, baimbe, na président asipewe micro. Salle yote iliangalia chini. Président akasema papa alikuwa amechoka siku ile.

Nikabakopilia ile sauti ku clé USB, mara mbili, ku clé mbili, moya ya binti na moya ya maman. Nilisikiliza kila moya mpaka mwisho, saa nzima na robo mara mbili, na kafête ikaisha bila mie. Nilikula mifupa.

Mardi, siku mbili kiisha, binti akapeleka ile sauti ku hôpital ya maman, kule papa alikuwa amelazwa, maman akiwa pa kazi. Ye njo alinieleza. Bakamuweka papa écouteur mu sikio. Akasikia sauti yake mwenyewe, akashtuka, akakunja uso kama muntu mwenye anasikiliza mujinga. Ikafika pa jina moya ya bababu, akapiga kitanda na mukono ule wenye unatembea. Bakarudisha. Akapiga lisusu. Alikuwa amekosea siku ile, aliruka muntu moya. Binti akashika karatasi, akaanza kumutajia majina yenye ye anajua, moya moya, na papa anakataa na kichwa, anakataa, anakataa. Majina ikamuishia. Akaanza kumusomea baalphabet, A, B, C, na papa anangojea herufi yake, apige kitanda. Saa ya visite ilipita, maman akafunga rideau, pazia ya kitanda, ili babakie. Balimaliza ile jina pa herufi ya sita, na binti akaiandika pa mahali yake, katikati ya bengine mbili.